Ngeli za Nyigu Mfinyanzi
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwanachama wa chama hiki amekwisha kukalishwa chini akafundishwa ngeli. Tunajua kwamba neno "kiboko" limevaa KI-VI kama kiti na kikapu, lakini ukiona mnyama mwenyewe mtoni husemi "kiboko kile kimezama". Unasema "kiboko yule amezama". (Kiboko cha kuchapia ni habari nyingine, hicho hukatika.) Vazi ni la KI-VI, upatanisho ni wa A-WA. Anayeamua ngeli kwa kutazama herufi za mwanzo peke yake atapoteza alama nyingi katika mtihani.

Sasa basi, wanasayansi nao wana ngeli zao za kupanga viumbe, na taabu wanayoipata ni ile ile yetu: vazi hudanganya. Katika makala haya nitalieleza jambo hilo kwa mdudu mmoja tu, ambaye sote twamjua kwa sura kwa sababu anakaa nasi nyumbani bila kulipa kodi.

Mdudu mwenyewe ni yule mweusi, mwembamba, mwenye kiuno chembamba mno kama sindano, cha rangi ya manjano, na miguu mirefu iliyochanganya manjano na weusi. Urefu wake ni kama sentimita mbili na kitu. Akiruka miguu huning'inia nyuma. Ukiinua macho chini ya boriti, au ukachungulia ndani ya zidaka ambazo hazijafutwa vumbi, au ukageuza picha ya ukutani, utaona donge la udongo mkavu lililogandamana na chokaa, kubwa kama ngumi ya mtoto. Hiyo ndiyo nyumba yake. Nitamwita nyigu mfinyanzi, na sababu ya jina hilo nitaieleza mbele.

Ukitaka kumwona kazini nenda penye maji maji: kisimani, chini ya mfereji unaovuja, kando ya birika, au kwenye mtaro wa maji machafu uliopita kati ya nyumba. Huinama na kichwa chini na tumbo juu, akakwangua tope kwa taya zake, akalifinyanga kitonge mfano wa punje ya mbaazi, kisha akaruka nacho. Akifika ukutani hukipaka huku akitetemesha mwili na kutoa mlio mkali, na ukikaa kimya chumbani utausikia. Kwa vitonge vingi vya namna hiyo hujenga chumba kimoja chenye umbo la bomba fupi. Chumba kikiisha hageuki kuwa mjenzi tena, huwa mwindaji. Hutafuta buibui wadogo, akawachoma mwiba wakapooza, akawabeba mmoja mmoja na kuwapanga chumbani kama samaki katika kikapu. Hutaga yai moja tu juu ya mmoja wao, aghalabu yule wa kwanza, kisha chumba kikijaa hukiziba mlango kwa tope na kuanza kingine ubavuni mwake. Mwisho hupaka udongo juu ya vyumba vyote, na ndipo tunapoliona donge.

Buu likitoka yaini hukuta chakula tayari. Hula buibui hao mpaka waishe, hujifunga ndani ya kifuko chembamba, na siku moja mdudu kamili hutoboa tundu la duara akatoka. Mama yake hayupo. Hawaonani kabisa.

Mimi na mwenzangu tulikifungua kiota kimoja kikuukuu kilichoanguka chenyewe kutoka darini. Kilikuwa na vyumba tisa. Vingi vilikuwa vitupu vyenye tundu la kutokea, na ndani mlikuwa na kifuko cha rangi ya kahawia kama ganda la kitunguu. Kimoja hakikuwa na tundu. Humo mlikuwa na buibui wakavu walioshikana miguu, na buu halikuwapo. Ama yai halikuanguliwa, ama lilikufa mapema. Tulimwonyesha mwalimu wetu wa Biolojia, naye akatuambia tuchore kila chumba kabla ya kutupa chochote.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kazi yote hiyo ni ya mama mmoja. Hana malkia, hana vibarua, hana jirani wa kumsaidia. Dume halijengi wala haliwindi, na mwiba halina. Ndiyo maana wataalamu humtia nyigu huyu katika kundi la nyigu wakaa pekee. Nyigu wale wanaotufukuza tukipopoa maembe ni wengine. Wale hukaa jamaa nzima juu ya sega moja la kijivu, linalofanana na karatasi kwa sababu wamelitengeneza kwa mbao waliyoitafuna na mate, na ukiligusa sega hutoka wote. Kwetu sisi wote ni "nyigu". Wako watu husema dondora, wako husema mavu, lakini ukiuliza tofauti kila mzee atakupa jibu lake.

Haya, tuzifuate ngeli zake. Ni mdudu, maana ana miguu sita na mwili wa mapande matatu: kichwa, kifua, tumbo. Oda yake ni Hymenoptera, pamoja na nyuki, siafu na sisimizi. Familia ni Sphecidae. Jenasi ni Sceliphron. Spishi ni spirifex. Kwa hivyo jina lake kamili ni Sceliphron spirifex, na hilo la pili kwa Kilatini lina maana ya mwenye kutengeneza vitu vya kuzungushwa. Aliyempa ni Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758, katika chapa ya kumi ya kitabu chake Systema Naturae, ambacho ndicho wanachoanzia kuhesabu majina ya wanyama ulimwenguni. Linnaeus alimwita Sphex spirifex, akamweka chumba kimoja na nyigu wengine wengi wembamba. Jenasi ya Sceliphron ilitolewa baadaye, mwaka 1801, na Mjerumani aitwaye Klug, na spirifex akahamishiwa humo. Kuna desturi nzuri inayoonyesha uhamisho huo: ukikuta jina la mtaalamu na mwaka vimetiwa katika mabano, yaani Sceliphron spirifex (Linnaeus, 1758), jua kwamba mdudu huyu alipewa jina akiwa katika nyumba nyingine. Mabano yasipokuwapo, bado anakaa alipozaliwa.

Hapa ndipo vazi linapoanza kudanganya. Katika kuta hizi hizi za Lamu kuna mjenzi mwingine wa udongo. Yeye ni mnene zaidi, ana weusi uliochanganyika na wekundu wa kutu, na kiota chake ni vijungu vya mviringo vyenye mdomo uliopinda kama mtungi. Jenasi yake ni Delta. Mtu akiwaona wawili hawa, wote wana viuno vyembamba, wote wanabeba tope, wote wanafanya kazi peke yao, atasema ni ndugu. Kumbe sivyo. Delta ni wa familia ya Vespidae, familia moja na wale nyigu wa sega la karatasi. Mtazame akitua: nyigu wa Vespidae wengi hukunja mabawa ya mbele kwa urefu, kama mtu anavyokunja mkeka mara mbili, hata bawa likaonekana jembamba. Nyigu mfinyanzi wetu huyalaza mabawa yake bapa mgongoni bila kuyakunja. Tazama kiuno pia. Cha Sceliphron ni bomba jembamba lililolingana tangu mwanzo hadi mwisho, na cha Delta hunenepa kidogo kidogo kikielekea tumboni. Halafu fungua ghala. La Sceliphron lina buibui, la Delta lina viwavi, na yai la Delta limetundikwa darini kwa uzi kama taa ya msikitini.

Basi tope ni vazi. Viuno ni vazi. Upatanisho uko kwenye mabawa na mambo mengine yasiyoonekana upesi.

Lakini lililonishangaza mimi ni hili. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nyuki wote walitokana na nyigu wawindaji wa ukoo mkubwa ule ule wa familia ya Sphecidae. Walikuwa wawindaji, wakaacha nyama wakashika chavua. Kwa hivyo nyigu mfinyanzi ni ndugu wa karibu zaidi wa nyuki kuliko wa yule nyigu wa sega anayefanana naye jina. Hata sisimizi wako karibu naye kuliko nyigu wa sega! Nilipolisema hili darasani watu walicheka, wakasema nimeanza kuchanganyikiwa na mitihani. Mwalimu akawanyamazisha, akalichora shina lenyewe ubaoni, nyuki na mfinyanzi katika tawi moja, sisimizi katika tawi la jirani, na Vespidae wamejitenga huko.

Sasa tuje kwenye nchi. Swali la pili la wataalamu, baada ya "huyu ni nani?", ni "je, ni huyu huyu kila mahali?" Kiumbe akienea nchi nyingi hubadilika kidogo kidogo, kama lugha. Sisi wa Lamu twasema "mato" na wa Unguja asema "macho". Hakuna anayedai hizo ni lugha mbili. Lakini zikitengana sana na kwa muda mrefu, hufika mahali watu hawaelewani tena. Spishi nazo hivyo hivyo. Tofauti ndogo za mahali na mahali wakiziona zimetulia, wataalamu huweka spishi ndogo, yaani lahaja za mdudu mmoja.

Chukua binamu yake wa Marekani, Sceliphron caementarium, ambaye jina lake lina maana ya mwashi. Huyo kiuno chake kwa kawaida ni cheusi. Katika jangwa la kusini-magharibi ya Marekani, mara nyingi ni cha manjano. Mdudu ni yule yule, vazi limebadilika kwa nchi. Mtu aliyekuwa na wadudu wawili tu mezani, mmoja wa huku na mmoja wa huko, angewapa majina mawili, na kwa kweli majina mengi yalirundikana hivyo katika karne zilizopita. Chukua mwingine, Sceliphron madraspatanum, aliyepewa jina na Fabricius mwaka 1781 kwa ajili ya mji wa Madras ulioko India, ambao siku hizi huitwa Chennai. Huyo ameenea kutoka Ulaya ya kusini mpaka Asia ya mashariki, naye amegawanywa kuwa spishi ndogo kadhaa, kila moja na nchi yake.

Mwaka 1968 wataalamu wawili, J. van der Vecht na F. M. A. van Breugel, walitoa kazi ndefu ya kuwapanga upya nyigu hawa wa Sceliphron. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa kumtazama mdudu mmoja. Hukusanya wadudu wakavu kutoka makumbusho ya nchi mbalimbali, wakawapanga kwa mahali walipokamatwa, wakalinganisha rangi, michirizo ya kifua, umbo la uso, na hata viungo vya uzazi vya dume, ambavyo hubadilika polepole kuliko rangi.

Na wetu je? Wetu ni kiumbe mkaidi. Sceliphron spirifex ameenea karibu Afrika nzima, kutoka Afrika Kusini mpaka Bahari ya Mediterania, akavuka mpaka Hispania, Ufaransa ya kusini na Italia. Katika eneo kubwa namna hiyo vazi lake ni lile lile: kifua cheusi tupu, kiuno cha manjano. Huko Ulaya ya kusini hukaa jirani na Sceliphron destillatorium, ambaye pia ana kiuno cha manjano, na wageni huwachanganya. Dawa ni kutazama kifua. Destillatorium ana madoa ya manjano kifuani, spirifex hana hata moja. Na madraspatanum kiuno chake ni cheusi. Ukishika mambo hayo mawili, kifua na kiuno, umeshika ufunguo wa kuwatenga watatu hao.

Kwa nini wa India akagawanyika na wa Afrika asigawanyike? Nionavyo mimi, na mwenye hoja nyingine ailete chamani, sehemu kubwa ya sababu ni kwamba nchi yake imeshikana. Kutoka Cape mpaka Misri hakuna bahari ya kuvuka, na popote penye maji ya kufanyia tope, buibui, na mahali pasiponyeshewa mvua, yeye hukaa. Wanaochanganya damu kila kizazi hawapati nafasi ya kutengana. Ushahidi wa kinyume uko Madagaska. Mlango wa bahari kati ya kisiwa kile na bara una upana wa kilomita mia nne hivi hata pale palipo pembamba kuliko pote, na huko kuna mfinyanzi mwingine kabisa, Sceliphron fuscum, anayekaa Madagaska na visiwa vya jirani.

Mtu ataniuliza: mbona sisi pia tu visiwani? Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, zote zimezungukwa na maji. Kweli, lakini maji yetu ni ya kuvukia. Kutoka Mokowe hadi Lamu ni safari ya boti ya muda mfupi tu, na Manda inakaribiana na bara mahali ambapo mkondo ni mwembamba. Tena si zamani sana kwa hesabu ya dunia, miaka kama 20,000 iliyopita, maji ya bahari ulimwenguni yalikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi, na njia hizi zetu za mashua zilikuwa nchi kavu. Madagaska ilijitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kwa hivyo usitarajie nyigu wa Pate awe na ngeli yake peke yake, hata kama watu wa Pate watapenda iwe hivyo.

Kinachobadilika hapa kwetu ni nyumba, si mwenye nyumba. Mjomba wangu aliniletea kiota kutoka Mokowe, chekundu. Kile cha Matondoni nilichokiona chini ya ukumbi, karibu na wanapounda majahazi, ni cha kijivu kilichoiva kama tope la mikokoni. Na cha kwetu mjini kina mistari ya rangi mbili, nadhani kwa sababu mama alihama kisima katikati ya kazi. Mtu akikwambia "wa kwetu ni mwekundu na wa kwenu ni mweusi", muulize kwanza kama anasema mdudu au udongo.

Tabia nayo hubadilika kwa hali ya hewa. Mfaransa Jean-Henri Fabre, aliyeishi kutoka 1823 hadi 1915 na kuandika vitabu vingi juu ya wadudu wa kwao Provence, alimchunguza mfinyanzi huyu huyu wa kiuno cha manjano. Wakati ule jenasi yake ilikuwa bado ikiitwa Pelopoeus. Fabre alimkuta akijenga mahali pa ajabu, ndani ya bomba la moshi la jiko la nyumba za wakulima, akipita katikati ya moshi na tope mdomoni. Sababu ni baridi. Mtoto wa nchi za joto akifika Ulaya hutafuta jiko. Huku kwetu joto liko kila mahali bila kuni, kwa hivyo chini ya boriti panatosha, na jikoni sijamwona. Mimi nilipoona kwamba mdudu wa zidaka zetu alikuwa akichunguzwa Ufaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita nilisoma ukurasa ule mara mbili.

Wafinyanzi hawa husafiri na watu pia, maana kiota hushikamana na chochote: sanduku, mbao, hata jahazi. Sceliphron curvatum, mtoto wa Asia, alionekana Austria mwaka 1979, na tangu hapo ameenea nchi nyingi za Ulaya. Huyo hajengi donge. Hujenga vijungu kimoja kimoja katikati ya vitabu na nguo zilizokunjwa. Huyu caementarium wa Marekani naye ametajwa katika jambo la huzuni. Tarehe 6 Februari 1996 ndege ya abiria ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Ndege hiyo ilikuwa imekaa kituoni siku nyingi bila kufunikwa mirija midogo ya nje inayopima mwendo. Wachunguzi walishuku kwamba nyigu wa tope alikuwa ameuziba mmoja, rubani akasomewa mwendo wa uongo. Mirija yenyewe haikupatikana baharini, kwa hivyo lilibaki kuwa jambo la kushukiwa. Ukienda uwanja wa Manda ukaona ndege iliyoegeshwa imevalishwa kifuko chenye utepe mwekundu, hicho si pambo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichague somo hili. Mtaani kwetu watu huchoma viota vya nyigu kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa, kikafungwa kwenye ncha ya upondo. Wanaochomwa wengi ni wafinyanzi, kwa sababu ndio wanaojenga mahali pa kuonekana. Mwaka jana mtu mmoja aliinua kitambaa chake chini ya paa la makuti, upepo wa kusi ukivuma. Cheche zilishika ukingo wa paa. Ilibidi wanaume wapande na ndoo, na watoto wawili waliokuwa wamelala ndani wakatolewa mbio. Nyumba ilipona. Kiota kilipoanguka tulikitazama: kilikuwa kitupu, matundu yote wazi, wenyewe wamekwisha kutoka zamani. Bibi yangu amekuwa akisema miaka yote, "Waateni hawa, hawana neno na mtu," na watu humwona mzee asiyejua hatari.

Bibi hajasoma Biolojia lakini kwa hili yu sawa na vitabu. Mfinyanzi wa kike ana mwiba, nao ni wa kupoozea buibui. Ukimshika mkononi atakuchoma, lakini hana kawaida ya kulinda kiota, wala hana jeshi la kuita. Ukitaka kukiondoa, kikwangue kwa kisu wakati wa mchana ukiwa hatua moja tu nacho, na hakuna litakalokupata zaidi ya vumbi. Wa sega la karatasi ndio wa kuogopa, na hao pia dawa yao si moto chini ya makuti.

Si kila anayetoka kwenye donge ni mwenye donge. Ukiona mdudu wa kijani au buluu anayeng'aa kama kioo cha pambo, huyo huenda ni Stilbum cyanurum, nyigu mwizi. Hutoboa udongo na kutaga yai lake ndani ya chumba cha watu, na mtoto wake humla mwenye nyumba. Na wako akina Chalybion, ndugu wa kweli wa Sceliphron katika familia moja, wenye rangi ya buluu ya chuma. Baadhi yao hawachoti tope. Hubeba maji, wakalainisha kiota cha zamani cha mwingine, wakahamia. Kwa hivyo kiota peke yake nacho ni vazi.

Limebaki suala la majina. Wenzangu wengine walisema makala ya wadudu hayana nafasi katika jarida la Kiswahili, yapelekwe chama cha sayansi. Mimi nasema mdudu huyu ana jina la Kilatini tangu 1758, na katika lugha ya nyumba anayokaa hana jina lake mwenyewe. Tukimwita nyigu tu, tunamchoma pamoja na wengine. Napendekeza nyigu mfinyanzi kwa Sceliphron, nyigu mtungi kwa Delta kwa ajili ya umbo la kiota chake, na nyigu sega kwa wale wakaao jamaa. Majina yote matatu hayana haja ya kufundishwa mara mbili. Mwenye jina la Kiamu, la Kipate au la Kitikuu lililokwisha kutumika na wazee kwao, alilete. Hilo litakuwa bora kuliko langu.

Zoezi. Nyigu ametua juu ya mlango wa shule. Mabawa yamekunjwa kwa urefu, kiuno kinanenepa kuelekea tumboni, na mdomoni ana kiwavi. Mweke katika familia na jenasi yake. Wa pili ameletwa na baharia kutoka ng'ambo: kiuno cheusi, ghala la buibui. Je, kiuno hicho kinatosha kukuambia kama ni madraspatanum au caementarium, na kama hakitoshi ungeuliza nini kwanza? Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya likizo ya mwezi wa nane, pamoja na kiota kitupu kama unacho, kikiwa kimeandikwa mahali kilipotoka.